Kim Sam-soon na Hukumu ya Watazamaji Wake

Kim Sam-soon ni mwokaji wa keki mjini Seoul, mwanamke wa miaka 30 kwa hesabu ya Kikorea ya wakati ule, mnene kidogo, mwepesi wa kujibu, tena hapendi jina lake. Ndiye mhusika mkuu wa tamthilia iliyobeba jina hilo na kurushwa na kituo cha MBC cha Korea Kusini kuanzia Juni 1 hadi Julai 21, 2005, kila Jumatano na Alhamisi usiku, kwa vipindi 16. Kim Yoon-chul aliiongoza, na Kim Do-woo aliandika mswada wake kutokana na riwaya ya Ji Soo-hyun. Kipindi cha mwisho kilivuka asilimia 50 katika vipimo vya utazamaji, kiwango ambacho tamthilia chache za mapenzi zimewahi kukifikia nchini humo. Tangu hapo watazamaji hawajaacha kuijadili, na namna maoni yao yalivyobadilika inaeleza mengi kuhusu jamii ya Korea, kazi na mapenzi.

Kisa chenyewe

Hadithi inaanza mkesha wa Krismasi, ndani ya hoteli, Sam-soon anapomfumania mpenzi wake akiwa na mwanamke mwingine. Anakimbilia chooni kulia, kumbe ni choo cha wanaume, na huko anakutana na Hyun Jin-heon, kijana mwenye mgahawa wa vyakula vya Kifaransa uitwao Bon Appétit. Sam-soon amesomea uokaji mjini Paris lakini hana kazi. Jin-heon anamhitaji mwokaji, naye anamwajiri.

Mama yake Jin-heon ni mmiliki wa hoteli, na hachoki kumpangia mwanawe mikutano ya kutafutiwa mke. Ili apate kupumua, Jin-heon anamtaka Sam-soon ajifanye mchumba wake. Wakati huohuo nyumba ya familia ya Sam-soon iko hatarini kupotea kwa sababu ya deni. Anakubali kuigiza uchumba huo kwa sharti la kukopeshwa won milioni 50, na wawili hao wanatia saini mkataba wenye masharti yake. Uchumba wa uongo unazaa mapenzi ya kweli, na hapo ndipo anaporudi Yoo Hee-jin, mpenzi wa zamani wa Jin-heon, aliyeondoka kwenda Marekani miaka mitatu nyuma bila kutoa sababu. Sababu ilikuwa saratani ya tumbo, ambayo alitaka kupambana nayo peke yake. Anafuatwa Korea na Henry Kim, daktari aliyemtibu.

Jin-heon naye ana jeraha lake. Ndiye aliyekuwa akiendesha gari katika ajali iliyowaua kaka yake na shemeji yake. Binti yao mdogo, Mi-ju, hazungumzi tangu msiba huo. Kwa hiyo chini ya vichekesho vya jikoni kuna huzuni ya familia nzima, na watazamaji wengi wametaja mchanganyiko huo kuwa ndio uliowashika hadi mwisho.

Mwanamke waliyemtambua

Sifa ya kwanza inayotolewa na watazamaji ni Sam-soon mwenyewe. Kabla yake, tamthilia nyingi za mapenzi za Korea zilikuwa na msichana mwembamba, maskini, mpole na mvumilivu, anayengoja kuokolewa. Sam-soon anakula usiku wa manane, anakunywa pombe ya soju, anatukana akikasirika, na anasema waziwazi kwamba anatamani kupendwa. Mwigizaji Kim Sun-a aliongeza uzito kwa ajili ya nafasi hiyo. Kazi yake ilimletea tuzo kuu ya MBC mwishoni mwa mwaka 2005.

Umri wa mhusika ulikuwa na uzito wake. Mwaka 2005 mwanamke wa Korea aliolewa kwa mara ya kwanza akiwa na wastani wa miaka 27.7. Aliyefika 30 bila mume alisikia maneno kutoka kwa shangazi, majirani na wafanyakazi wenzake. Tamthilia haikumtetea Sam-soon kwa hotuba. Ilimwonyesha akiwa na ufundi mikononi, akiamka kwenda kazini, akiumizwa na mwanamume na bado akiwa tayari kupenda tena. Wanawake wengi walioajiriwa walijiona humo, na magazeti ya Korea yalimlinganisha na Bridget Jones, mhusika wa filamu ya Uingereza ya mwaka 2001.

Watazamaji wamesifu pia jinsi kazi ilivyopewa heshima. Uokaji wa keki haukuwekwa kama pambo la mapenzi. Sam-soon ana msimamo kuhusu ladha, anamfundisha msaidizi wake wa jikoni, na anabishana na mwajiri wake kama fundi anayejua thamani ya anachokifanya. Wahudumu, meneja na mpishi mkuu wa Bon Appétit nao wana maisha yao, uvumi wao na wivu wao, kwa hiyo mgahawa unakuwa mahali pa kazi panapoaminika. Baada ya tamthilia kurushwa, vijana wengi wa Korea walivutiwa na taaluma ya uokaji, ambayo hapo awali ilijulikana na wachache.

Hata hivyo sifa hizo zina wapinzani. Wapo wanaosema unene wa Sam-soon ulitumiwa mno kuchekesha, ilhali mwigizaji mwenyewe alikuwa na mwili wa kawaida kabisa. Wanauliza: kama mwanamke wa umbo hilo anaitwa mnene kila mara, mtazamaji mwenye mwili mkubwa zaidi afundishwe nini? Hoja hiyo ina nguvu. Tamthilia inamtetea Sam-soon dhidi ya dharau, lakini yenyewe inaikubali mizani ileile inayomdharau.

Jina kama mzigo

Sam-soon ni binti wa tatu, na jina lake ni la kizamani, la aina waliyopewa mabinti wa vijijini vizazi vilivyopita. Mtu akilisikia anacheka. Sam-soon anataka kulibadilisha kisheria awe Hee-jin, bila kujua kwamba hilo ndilo jina la mwanamke ambaye Jin-heon hajamsahau.

Kwa mtazamaji wa nje hili linaweza kuonekana jambo dogo. Kwa Wakorea wa mwaka 2005 lilikuwa zito. Kubadilisha jina kulihitaji idhini ya mahakama, na mahakama hazikuwa nyepesi kuitoa. Mnamo Novemba 2005, miezi michache baada ya tamthilia kumalizika, Mahakama ya Juu ya Korea iliamua kwamba maombi ya namna hiyo yakubaliwe, isipokuwa pale yanapolenga kuficha uhalifu au kukwepa sheria. Tamthilia ilikuwa imegusa jambo ambalo watu wengi waliishi nalo kimya kimya.

Mwishoni Sam-soon anabaki na jina lake. Wengi walifurahi, kwa kuona kwamba amejikubali. Wengine hawakuridhika, kwa sababu Jin-heon ndiye aliyembana asilibadilishe, na uamuzi kuhusu jina la mtu, walisema, ni wa mwenye jina.

Bosi aliyegawa maoni

Hakuna mhusika ambaye maoni juu yake yamehama kama Hyun Jin-heon. Mwaka 2005 alimfanya mwigizaji wake, Hyun Bin, kijana wa miaka 22, kuwa nyota wa taifa. Watazamaji walimpenda kwa uso wake, huzuni yake na upole aliouonyesha kwa Mi-ju. Kiburi chake kilichukuliwa kuwa gamba la mtu aliyeumia, na kazi ya Sam-soon ilikuwa kulivunja. Kwamba alikuwa mdogo kwa Sam-soon kwa miaka kadhaa kuliongeza utamu, kwani wakati huo haikuzoeleka katika tamthilia mwanamke kumzidi mpenzi wake umri.

Anayeitazama leo anaona pia mambo mengine. Jin-heon anamshika Sam-soon mkono kwa nguvu na kumvuta, anampigia kelele, anamdhihaki mbele ya wengine, na anaingilia mikutano yake na wanaume wengine. Juu ya hayo, ni mwajiri wake na mdai wake kwa pamoja. Mshahara wa Sam-soon na nyumba ya mama yake viko mkononi mwa mwanamume huyohuyo anayemtaka kimapenzi. Mwanamke aliye katika hali hiyo akisema hapana, anahatarisha kazi na makazi kwa wakati mmoja.

Mabadiliko haya ya maoni yana chanzo. Mwaka 2018 wanawake wengi wa Korea walijitokeza hadharani kueleza unyanyasaji waliotendewa na wakubwa wao kazini. Julai 2019 marufuku ya uonevu mahali pa kazi ilianza kutumika katika sheria ya kazi ya nchi hiyo. Oktoba 2021 sheria ya kuwaadhibu wanaofuatafuata wengine ilianza kufanya kazi. Mtazamaji aliyekulia katika mazingira hayo hawezi kumtazama Jin-heon kama mama wa mtazamaji huyo alivyomtazama.

Wanaomtetea wana hoja zao. Wanakumbusha kwamba Sam-soon si mnyonge: anajibu, anasusa, anaondoka kazini anapochoka kudharauliwa, na ana ufundi unaoweza kumpatia riziki kwingine. Baadaye anaanzisha biashara ya keki pamoja na dada yake, na mapenzi yanaendelea bila kutegemea mshahara wa Bon Appétit. Hoja hii ni ya kweli kwa Sam-soon, lakini haimsafishi Jin-heon. Ujasiri wa mfanyakazi hauondoi wajibu wa mwajiri kumheshimu.

Hee-jin na suala la haki

Mjadala mwingine wa kudumu unamhusu Yoo Hee-jin, aliyeigizwa na Jung Ryeo-won. Tamthilia nyingi za aina hii humfanya mpenzi wa zamani kuwa mwovu ili mtazamaji amkubali mpya bila shida. Hapa Hee-jin ni mtu mwema, ametoka kwenye ugonjwa wa kutisha, na amerudi kwa mwanamume aliyempenda. Baadhi ya watazamaji waliona ameonewa: alinyamaza ili asimwongezee mzigo mtu aliyekuwa na majonzi ya ajali, na malipo yake yakawa kuachwa. Wengine walijibu kwamba kumficha mpenzi ugonjwa kwa miaka mitatu ni kumnyima nafasi ya kuamua, na kwamba mapenzi hayawekwi ghalani yakasubiri.

Lawama kubwa zaidi humwangukia Jin-heon kwa kuyumba kati ya wanawake wawili, na hata kuondoka na Hee-jin kwenda Marekani huku Sam-soon akibaki Seoul bila habari zake. Lakini ni katika sehemu hii tamthilia inapoonyesha ukomavu. Inakubali kwamba mtu anaweza kuumizwa bila kuwepo mkosaji mmoja wa kunyooshewa kidole.

Mwisho usio na harusi

Tamthilia inamalizika bila harusi. Mama yake Jin-heon bado hajakubali, na wapenzi wanaendelea kupendana na kugombana kama kawaida yao. Busu lao kwenye ngazi za mlima Namsan, mjini Seoul, lilizipatia ngazi hizo jina la Sam-soon, na wageni huenda kuzitazama. Waliozoea kufunga hadithi kwa ndoa walilalamika kwamba wamekatishwa tamaa. Waliouelewa mwisho huo waliuona kuwa unalingana na Sam-soon: mwanamke aliyehukumiwa kwa kukosa mume hakupaswa kuthibitishwa thamani yake kwa kupata mume.

Toleo la mwaka 2024

Septemba 2024 jukwaa la video la Wavve la Korea lilitoa toleo jipya lililosafishwa picha na kufupishwa kutoka vipindi 16 hadi 8. Kim Yoon-chul mwenyewe alisimamia ufupishaji huo, akapunguza sehemu za ukali wa Jin-heon ambazo hadithi ingeweza kusimama bila hizo. Si zote zilizoweza kuondolewa, kwa kuwa nyingine zimeshikilia kisa chenyewe.

Wapo waliopokea hatua hiyo kwa shukrani, kwa kuwa imewawezesha vijana kukutana na Sam-soon bila kukerwa kila dakika. Wapo walioona kwamba kazi ya zamani iachwe ilivyo, ili watu waone walikotoka. Kwa bahati hakuna aliyelazimika kuchagua, kwa maana toleo la mwanzo halikuharibiwa.

Kilichobaki

Tamthilia za mapenzi ya kazini zilizofuata zilirithi mengi kutoka hapa. Coffee Prince ya mwaka 2007 ilikuwa pia na mwenye mgahawa tajiri na mfanyakazi asiyefanana na wasichana wa kawaida wa tamthilia. Business Proposal ya mwaka 2022 ilitumia uchumba wa kuigiza kati ya bosi na mwajiriwa. Katika hizi za karibuni bosi bado ana kiburi, ila anajifunza mapema kuomba radhi na kuuliza kabla ya kutenda, na watazamaji wamekuwa wakali kwa asiyefanya hivyo.

Kwa jumla, miaka mingi ya maoni imetoa hukumu mbili. Jin-heon ameshuka kutoka mchumba wa ndoto hadi mwajiri anayepaswa kurekebishwa. Sam-soon hajashuka. Umri wa miaka 30 hauhesabiwi tena Korea kuwa umechelewa, kwani kufikia mwaka 2023 wastani wa umri wa mwanamke kuolewa mara ya kwanza ulikuwa umepita miaka 31, lakini haja ya kuheshimiwa kazini na kupendwa bila kujibadilisha imebaki vilevile. Ndiyo maana watazamaji wapya wanamkosoa bosi na bado wanampenda mwokaji wake.