Mzazi, ‘connection’ anayoomba mwanao huenda si ya kazi

Kwa mtu mzima anayehangaika na maisha Dar es Salaam, Mwanza au Arusha, neno ‘connection’ lina maana moja tu: kumjua mtu atakayekuingiza mahali. Kazi, zabuni, nafasi ya mafunzo. Ukikuta kijana wako wa kidato cha tatu amemwandikia mwenzake “oya nirushie connection”, unaweza hata kufurahi kwamba mtoto ameanza kujitafutia.

Kwenye magrupu ya vijana, neno hilo sasa ni jina la video ya ngono iliyovuja. Inaweza kuwa ya msanii, ya mtu wa mtaani, au ya msichana wa shule ya jirani aliyemwamini mtu asiyestahili. Kijana anaposema “connection imetoka”, wenzake wote wanaelewa. Mama aliyekaa naye sebuleni, tena anayesoma ujumbe huo kwa macho yake, haelewi.

Na hapo kuna zaidi ya aibu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha na video za ngono, na ina kifungu chake kwa zile zinazomhusu mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18. Kijana anayedhani anacheka tu na wenzake, anaisukuma video kutoka grupu moja kwenda jingine, anaweza kuwa ametenda kosa la jinai bila hata kujua kwamba kuna sheria. Na yule binti aliye kwenye video anaacha kwenda shule.

Nimeanza na neno hili kwa makusudi. Wazazi wengi wakisikia habari ya lugha ya vijana mtandaoni, hofu yao huenda kwenye maneno mageni yasiyotamkika. Kwa maoni yangu, maneno ya kuhangaisha mara nyingi ni yale yanayofanana na tunayoyajua.

Kila kizazi na kinyume chake

Kabla hujashika kichwa, kumbuka ulikotoka. Watoto wa Zanzibar na Pwani wamecheza kinyume kwa vizazi, wakigeuza silabi ili watu wazima wasiambulie kitu: nyumba inakuwa ‘mbanyu’, chakula kinakuwa ‘lachaku’. Ukizoea, unazungumza mbele ya shangazi habari nzima ya nani kaiba maembe, naye anaendelea kuchambua mchele.

Waliokuwa sekondari miaka ya 2000 nao wana lao. Ujumbe mfupi wa simu ulikuwa na nafasi ya herufi 160, vocha ilikuwa ghali, kwa hiyo wakaandika “cjui”, “xaxa”, “2taonana kexho”. Walimu wa Kiswahili walilalamika kwamba lugha inakufa. Haijafa, na waandishi wa “xaxa” leo ndio wazazi wanaosoma ukurasa huu.

Tofauti ni kwamba zamani neno lilizaliwa mtaani na ungeweza kumuuliza kijana wa dukani. Sasa mtoto wa Mbagala anapata neno siku hiyohiyo na mtoto wa Chicago, kutoka video ya sekunde 15, na wiki mbili baadaye wote wawili wameshalichoka.

Yanayotisha bure

Chukua ‘rizz’. Wachapishaji wa kamusi za Oxford walilichagua kuwa neno la mwaka 2023. Limekatwa kutoka neno la Kiingereza la mvuto wa mtu, na maana yake ni uwezo wa kumvutia unayemtaka. Zamani tungesema kijana ana mistari. Mwaka 2024 wakachagua ‘brain rot’, yaani ubongo kuoza, ambalo vijana wenyewe wanalitumia kujicheka baada ya kushinda kutwa wakitazama video zisizo na kichwa wala miguu. ‘Skibidi’ lilisambazwa na katuni za YouTube zilizoanza mwaka 2023, za vichwa vinavyochomoza kwenye masinki ya choo. Usitafute zaidi ya hapo.

Halafu kuna ‘6-7’. Limetoka kwenye wimbo wa rapa wa Marekani anayeitwa Skrilla, likanasa kwenye video za mchezaji wa mpira wa kikapu LaMelo Ball, ambaye urefu wake ni futi 6 na inchi 7. Mwaka 2025 tovuti ya Dictionary.com ililitangaza kuwa neno lake la mwaka. Mdogo wangu wa kidato cha pili nilimuuliza maana yake, akaniambia kwa uvumilivu kama anamfundisha bibi kwamba halina maana, na hiyo ndiyo raha yake. Mimi sijafika hata miaka 30.

Alama nazo zina vituko vyake. Fuvu la kichwa, ambalo mzazi akiliona anawaza msiba, kwa vijana ni kicheko: amecheka mpaka amekufa. Sisi nasi tunasema “nimekufa mie” kwa maana hiyohiyo, kwa hiyo hatuna haki ya kushangaa sana. Machi 2025 filamu ya mfululizo ya Uingereza iitwayo Adolescence iliwafanya wazazi wengi waanze kuchunguza rangi za mioyo kwenye simu za watoto wao. Ndani yake, mpelelezi anadhani msichana alikuwa anamtumia mtuhumiwa alama za kirafiki, mpaka mtoto wake mwenyewe anamweleza kwamba zilikuwa za kejeli. Tukio hilo limetungwa vizuri. Lakini usilitumie kama kamusi, kwa sababu moyo wa njano shule moja unaweza kuwa tusi, na shule nyingine ukawa rangi ya Yanga.

Yanayopita kimyakimya

Mitandao kama TikTok ina programu zinazochuja maneno. Watumiaji walipoona kwamba video zinazotaja kujiua au ngono zinafutwa au hazionekani kwa watu, wakabuni mbadala. Ndiyo asili ya ‘unalive’, linalotumika mahali pa kuua au kujiua. Ndiyo asili ya ‘seggs’ kwa ngono, na ya alama ya hindi kwa picha za ngono, kwa sababu jina la hindi kwa Kiingereza linakaribiana kwa sauti na jina la picha hizo. Maneno haya yalibuniwa kuikwepa mashine, ila mzazi naye anapitwa hapohapo.

Kuna vifupisho viwili ambavyo kila mzazi anapaswa kuvijua. ‘Kms’ ni mtu kusema atajiua. ‘Kys’ ni kumwambia mwingine ajiue, na hurushwa kama tusi kwenye michezo ya simu na chini ya picha za watu.

Mara nyingi ‘kms’ ni kutia chumvi tu. Mtoto kafeli jaribio la hisabati, anaandika ‘kms’, dakika tano baadaye anacheka. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, na kwamba mwaka 2021 kujiua kulikuwa chanzo cha tatu cha vifo duniani kwa watu wa miaka 15 hadi 29. Kwa hiyo huwezi kulipuuza kila mara, na huwezi kuita ukoo mzima kila mara.

Utatofautishaje? Neno lenyewe halitakwambia. Angalia kilicho pembeni yake. Mtoto halali, au analala kutwa. Ameacha mpira alioupenda. Amejitenga na marafiki, anagawa vitu vyake, anasema yeye ni mzigo kwa watu. Na tafadhali, usihangaike na Kiingereza ukaacha Kiswahili: “nimechoka”, “bora nisingekuwepo”, “siku moja mtanitafuta” kwenye status ya WhatsApp saa tisa usiku ni maneno mazito kuliko ‘kms’ kumi za mchana. Tumezoea kuyaita ya kutafuta huruma, au ya mapenzi ya kitoto.

Ukiwa na wasiwasi, uliza moja kwa moja: “Mwanangu, umekuwa ukifikiria kujiua?” Wazazi wengi wanaogopa kwamba swali hilo litampa mtoto wazo. Wataalamu wa afya ya akili, pamoja na Shirika la Afya Duniani, wanasema kuuliza hakupandi wazo. Humpa mtu nafasi ya kusema. Akisema ndiyo, usimwache peke yake usiku huo, ondoa karibu naye dawa na vitu vinavyoweza kumdhuru, na asubuhi mpeleke hospitali yenye huduma ya afya ya akili. Ukiona hatari ni ya sasa hivi, usingoje asubuhi.

Mwili nao una maneno yake. ‘Ana’ na ‘mia’ yanasikika kama majina ya wasichana, lakini mtandaoni ni vifupisho vya magonjwa ya kujinyima chakula na ya kula kisha kujitapisha, tena wapo wanaoyasifia. Juni 2025 TikTok ilizuia utafutaji wa ‘SkinnyTok’, alama iliyokusanya video za kusifu wembamba wa kupindukia. Wavulana wana ‘looksmaxxing’, yaani kujirekebisha sura na mwili kwa kila njia, kuanzia kunawa uso vizuri hadi mambo ya hatari. Nimeshasikia mara nyingi kwamba matatizo haya ni ya Wazungu. Simu haijui hilo.

Danga, DM na picha ya kutazama mara moja

Kama unakumbuka ‘kuchuna buzi’, basi ‘danga’ halitakupa shida. Ni mwanamume mwenye fedha anayetoa na anayetaka alipwe kwa mwili, na ‘kudanga’ ndiyo shughuli yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 2000 matangazo ya redio yalimpa mtu huyohuyo jina la Fataki, na watoto wa shule wakalishika. Jina limebadilika, naye hana haja tena ya kusimamisha gari nje ya geti la shule. Anaandika “njoo DM”, yaani tuhamie kwenye ujumbe wa faragha.

Neno la kukaa nalo macho hapa ni ‘view once’. Ni picha ya WhatsApp inayofunguka mara moja kisha inatoweka, na anayeiomba hutumia hilo kama ahadi: tuma tu, itafutika. Lakini simu ya pili inatosha kuipiga picha ile picha. Kinachofuata mara nyingi ni vitisho: tuma hela au nyingine, la sivyo nawatumia wazazi wako na shule nzima.

Mtoto akikujia na habari hiyo, dakika za mwanzo ndizo zinazoamua kama atakuja tena. Usilipe, kwa sababu anayelipwa hurudi. Usifute ujumbe, hifadhi majina, namba na tarehe, kisha mfungie mtu huyo na uende Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Kuna pia huduma ya bure iitwayo Take It Down, ya wale ambao picha zao zilipigwa wakiwa chini ya miaka 18. Inatengeneza alama ya utambulisho wa picha kwenye simu yako mwenyewe, picha haitumwi popote, na mitandao iliyojiunga, ikiwamo Instagram, Facebook, TikTok na Snapchat, huitumia alama hiyo kuitafuta na kuiondoa.

Namna ya kuuliza

Likizo ndiyo wakati mzuri, hasa kwa watoto wa bweni ambao shuleni simu hawaruhusiwi na wakifika nyumbani wanazifidia. Usianze na simu yake. Anza na yako. “Nimeona neno ‘delulu’ huku, hivi ndiyo nini?” Mtoto aliyekuwa anajibu kwa “poa” na “sijui” atakueleza kwa dakika kumi, maana ni nadra kwake kuwa mwalimu wako. Maana yake, kwa taarifa yako, ni mtu anayejidanganya kwa matumaini, hasa ya mapenzi.

Ukishajifunza, usianze kuyatumia. Baba anayemwambia mgeni kwamba mtoto wake ana ‘rizz’ amemwaibisha mtoto, na amelifukuza neno nyumbani. Inatosha kuelewa.

Kuhusu kupekua simu, wazazi wanagombana sana na sitawapatanisha hapa. Naona tofauti kati ya mtoto wa miaka 12 aliyeambiwa mapema kwamba simu itaangaliwa, na wa miaka 17 anayepekuliwa akiwa amelala. Huyu wa pili akigundua atafungua akaunti nyingine, na ile utakayoendelea kuisoma itakuwa na picha za harusi ya binamu na aya za dini.

Ukikwama kwenye neno, intaneti ina kamusi za mtaani kama Urban Dictionary. Zisome mwenyewe, mtoto asiwepo, kwa kuwa yeyote anaweza kuandika humo na nusu ya maelezo ni matusi. Ukiona fasili tatu zinazogombana, rudi kwa mwenye neno umuulize.

Kwa yale yanayohitaji zaidi ya kamusi, namba ya huduma ya simu kwa mtoto nchini ni 116 na kupiga ni bure. Mzazi anaweza kuipiga, na mtoto anaweza kuipiga mwenyewe bila kukuomba ruhusa. Mwandikie kwenye simu yake leo, hata kama atakuuliza ya nini.