Juliana Rotich, habari za ubunifu, na sisi wa Ngaremara

Vijana wa nyumbani walioko vyuoni huniuliza kama kuandika habari za ubunifu na ujasiriamali ni kazi ya mtu mzima au ni hobi ya kupitishia wakati. Jibu langu huwa ni jina moja: Juliana Rotich. Wengi wanamfahamu kama mmoja wa waanzilishi wa Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani. Wanaojua kwamba kabla ya hapo alikuwa mwandishi ni wachache, na wachache zaidi wanajua kwamba uandishi huo aliufanya akiwa ughaibuni.

Rotich alisomea sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Missouri huko Kansas City, Marekani, kisha akabaki huko akifanya kazi katika sekta ya teknolojia. Pembeni ya ajira akawa na blogu yake, Afromusing, ambamo aliandika sana kuhusu umeme wa jua na wa upepo barani Afrika. Akawa pia mhariri wa mazingira wa Global Voices, mtandao wa wanablogu, na mmoja wa waandishi wa AfriGadget, blogu iliyoanzishwa na Erik Hersman, Mmarekani aliyekulia Sudan na Kenya.

AfriGadget inastahili maelezo kidogo, maana ndiyo shule yenyewe. Miaka ile, magazeti ya nje yalipoitaja Afrika yalitaja njaa na vita. AfriGadget ikaenda kwa mafundi wa jua kali: anayeunda mashine ya kuchomelea kwa vyuma chakavu, anayechaji simu kwa baiskeli. Nguvu ya makala zake haikuwa sifa. Fundi alionyeshwa kazini, kifaa chake kikaelezwa kimeundwa kwa vitu gani na kinatatua tatizo gani, na msomaji akaachiwa ahukumu mwenyewe. Makala nyingi zilikuwa fupi, picha mbili na aya chache, lakini ukimaliza kusoma ulikuwa umeelewa kitu kinavyofanya kazi.

Mfano unaoonyesha vizuri faida ya kazi hii umetoka Malawi. William Kamkwamba aliacha shule kwa kukosa karo wakati wa njaa ya 2001 na 2002. Akiwa nyumbani alisoma kitabu cha maktaba kuhusu nishati, akaunda kinu cha upepo kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta na mabomba ya plastiki. Kwa miaka kadhaa waliokijua walikuwa majirani zake. Mwaka 2006 mtaalamu wa elimu, Hartford Mchazime, alikiona, akaita wanahabari. Gazeti la Daily Times la Malawi likaandika, wanablogu wakaichukua habari hiyo, ikamfikia Emeka Okafor aliyekuwa akiandaa mkutano wa TED wa Arusha wa Juni 2007. Kamkwamba akapanda jukwaani Arusha, akapata pia nafasi ya kurudi shule. Kinu kilikuwepo muda wote. Kilichokosekana ni mtu wa kukiandika.

Rotich na Hersman walikuwepo Arusha, na Ory Okolloh, mwanasheria wa Kenya aliyeandika blogu ya Kenyan Pundit, alizungumza kwenye mkutano huo huo. Miezi michache baadaye Kenya ilipiga kura, Desemba 27, 2007. Serikali ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja na fujo zikasambaa, Okolloh aliomba kupitia blogu yake wataalamu wa kompyuta wajitokeze watengeneze ramani ya kuonyesha yanayotokea na wapi. Hersman, Rotich na David Kobia, mtengenezaji wa programu, wakaitika. Januari 2008 Ushahidi ikawa hewani, ikipokea taarifa za wananchi kwa intaneti na kwa ujumbe wa simu. Miaka miwili baadaye programu hiyo hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010.

Mimi sioni kama bahati kwamba waandishi ndio waliounda Ushahidi. Walikuwa wameshazoea kusikiliza wananchi, kuhakikisha taarifa na kuiwasilisha kwa lugha nyepesi. Programu ya kompyuta ilikuja juu ya mazoea hayo. Mwaka 2010 kundi hilo lilichangia kufunguliwa kwa iHub, kituo cha wabunifu wa teknolojia, kwenye Barabara ya Ngong, Nairobi. Mwaka 2013 likatangaza BRCK, kifaa cha intaneti chenye betri ya saa nane, kinachohamia mtandao wa simu chenyewe pale waya unapokatika. Rotich alikieleza katika hotuba yake ya TED mwaka huo, kama kifaa kilichoundwa kwa kuzingatia umeme wetu unavyokatika. Mwaka 2019 alipewa Tuzo ya Afrika ya Ujerumani.

Sasa tuje nyumbani. Ngaremara ni wadi ya Isiolo Kaskazini, mwendo mfupi kutoka mji wa Isiolo ukielekea Archer's Post, na wakazi wake wengi ni Waturkana. Kwa miaka mingi lami iliishia Isiolo mjini. Barabara ya Moyale ilipojengwa, malori yakaanza kupita mbele ya manyatta zetu mchana na usiku. Habari zinazoandikwa kutuhusu bado ni zile zile: ukame, wizi wa mifugo, mipaka. Ni habari za kweli na lazima ziandikwe. Lakini hazitutoshi.

Tazama maziwa ya ngamia. Akina mama wa Isiolo wamejenga biashara inayofika Eastleigh, Nairobi, bila kungoja ruhusa ya mtu. Maziwa yanatoka malishoni ndani ya mitungi, yanafika mjini, mama anafungua mfuniko, ananusa, anaonja, kisha ndipo anayapima. Yaliyochacha yanatengwa. Mazuri yanapozwa kwenye friza usiku, na asubuhi yanapakiwa kwenye basi la Nairobi. Pesa zinarudi kwa M-Pesa, huduma iliyoanza Machi 2007. Hapo kuna ukaguzi wa ubora, usafirishaji, mkopo wa kuaminiana na mnyororo mzima wa malipo, tena katika kazi iliyo mikononi mwa wanawake ambao wengi wao hawakukaa darasani. Kama hiyo si habari ya ujasiriamali, sijui ipi ni habari.

Iko pia hifadhi ya jamii ya Nakuprat-Gotu, inayounganisha Waturkana na Waborana katika eneo lililojua mapigano. Kupanga malisho pamoja na jirani mliyepigana naye ni ubunifu mgumu kuliko kuunda programu ya simu, na unastahili mwandishi atakayehesabu mafanikio na matatizo yake mwaka baada ya mwaka. Wako wanaosuka vikapu na mikeka ya mikoma, nao hawajaulizwa bei inayobaki mkononi baada ya dalali.

Hapa niseme wazi linaloniudhi. Habari nyingi za ubunifu siku hizi zinaandikwa siku ya uzinduzi. Mgeni rasmi anakata utepe, pampu ya sola inatoa maji, kamera zinaondoka. Baada ya miaka miwili pampu imekufa kwa kukosa spea, na hakuna aliyerudi kuuliza. Mwandishi wa kweli wa fani hii anarudi. Anauliza nani analipa, nani anatengeneza, na ikiharibika spea inatoka mji gani. Anaandika pia biashara iliyoanguka, kwa sababu anayetaka kuanzisha nyingine anaihitaji habari hiyo kuliko sifa.

Kwa hiyo kijana wa Ngaremara unayeniuliza, usingoje chumba cha habari kikuajiri. Rotich hakungoja. Anza na mtu mmoja unayemfahamu, mwenye kazi unayoweza kuitazama asubuhi hadi jioni. Mwombe ruhusa. Andika gharama zake kwa shilingi, piga picha ya mikono yake ikifanya kazi, kisha urudi kwake mwaka ujao. Nasi wa Ngaremara tulioko nje ya nchi tuache kutuma pesa za mazishi na harusi tu. Tuwanunulie vijana hawa bando, na tuyasome wanayoandika.