Chatu Wawili, Vizimba Viwili

Anayefuga chatu mmoja na kumzoea huanza kumtamani wa pili. Akishampata hujiuliza: je, wakae pamoja? Kizimba ni kikubwa, taa ya joto inawatosha wote, na wawili hao wanaonekana wapole. Ushauri wangu ni kwamba kila chatu awe na kizimba chake tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Sababu zake zinafaa kueleweka vizuri, kwa kuwa anayezielewa hatashawishika kuwachanganya siku nafasi itakapokuwa finyu.

Ninayemzungumzia ni Python regius, chatu mdogo wa savana za Afrika, anayepatikana kuanzia Senegali hadi kaskazini-magharibi mwa Uganda. Hana sumu. Akiogopa hujikunja na kuficha kichwa katikati ya mikunjo ya mwili wake. Mkubwa hufikia mita moja hadi moja na nusu, na jike humzidi dume. Porini hushinda mchana ndani ya mashimo ya panya na vichuguu, na usiku hutoka kuwinda. Kwa miongo mingi Ghana, Togo na Benin zimeuza chatu hawa kwa maelfu Ulaya na Marekani, na leo wengi wanaofugwa huko wamezaliwa mikononi mwa wafugaji.

Wapo wanaosema wakae pamoja kwa kuwa chatu hawa hupenda wenzao. Hoja hiyo isipuuzwe. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wilfrid Laurier, Kanada, walichapisha matokeo ya kuwaweka chatu wachanga kwa makundi katika eneo lenye maficho ya kumtosha kila mmoja. Muda mwingi walijibanza pamoja katika ficho moja. Kwa hiyo kudai kwamba nyoka huyu hawezi kabisa kumvumilia mwenzake ni kutia chumvi. Lakini utafiti ule ulihusu wachanga, kwa siku chache, chini ya uangalizi wa karibu. Nyumbani chatu huishi miaka 20 hadi 30, na katika muda huo hatari ni nyingine kabisa.

Tunasema mafahali wawili hawakai zizi moja, lakini methali hiyo inaweza kumpotosha mfugaji wa chatu. Mafahali hupigana waziwazi, ukawasikia na kuwatenganisha. Chatu huumizana kimya. Kila kizimba kina sehemu moja iliyo bora, yenye joto na giza, na mwenye nguvu huikalia. Ukiwaona wamelaliana unaweza kudhani ni mapenzi, kumbe wote wawili wanaitaka sehemu hiyohiyo, na wa chini hapati joto la kusagia chakula. Wakati wa kulisha, midomo miwili inaweza kumkamata panya mmoja, na hapo hutokea majeraha.

Lililo zito zaidi ni kwamba ukiwachanganya hutamjua tena kila mmoja. Chatu wa aina hii anaweza kugoma kula kwa miezi akiwa mzima kabisa, na anaweza pia kugoma kwa sababu anaumwa. Ukikuta panya ametapikwa, au kinyesi chenye majimaji, ni cha nani? Anayeishi peke yake hukujibu mara moja. Andika tarehe alipokula, alipojivua gamba na alipopata choo, na umpime uzito kila mwezi. Daftari hilo humwonyesha daktari wa wanyama mambo ambayo macho hayayaoni.

Magonjwa nayo hupita haraka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Mwaka 2014 wanasayansi walieleza virusi vya jamii ya nido vinavyoshambulia mapafu ya chatu hawahawa. Mgonjwa hutoa ute mdomoni na kupumua akiwa ameachama, na hakuna dawa ya kuviua. Nyoka anaweza kuvibeba huku akionekana mzima. Utitiri wa nyoka nao hutambaa kutoka kizimba hadi kizimba. Ndiyo maana chatu mgeni hukaa karantini miezi mitatu au zaidi, katika chumba kingine ikiwezekana. Atandikiwe karatasi nyeupe ili utitiri uonekane, naye daktari achukue sampuli ya koo kwa ajili ya vipimo. Wahudumie wenyeji kwanza na mgeni mwisho. Koleo, bakuli na ndoo zake zisiguse vya wengine.

Ukiwaweka dume na jike pamoja, tarajia mayai, hata kama jike bado ni mdogo mno kuyabeba. Jike huweza pia kuhifadhi mbegu za dume kwa muda mrefu, kwa hiyo kuwatenganisha baada ya kupandana hakufuti kilichotokea.

Kutenganisha kusigeuke kifungo. Kizimba cha mkubwa kiwe na urefu wa sentimita 120 na upana wa 60, ili aweze kujinyoosha. Upande wa joto uwe kati ya nyuzi 31 na 33 za Selsiasi, wa baridi kati ya 24 na 27, na unyevu wa asilimia 60 hivi. Kila upande uwe na maficho yanayombana kidogo, pamoja na maji safi. Makumbi ya nazi yaliyosagwa hutunza unyevu vizuri. Kila chombo cha joto kiwe na themostati yake: kimoja kikipanda moto bila kudhibitiwa, chatu huungua tumbo bila kuhama. Milango ifungwe kwa kufuli, kwani chatu hupita kwenye upenyo mwembamba kuliko unavyofikiri. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kizimba kinachofuata na baada ya kumaliza, maana nyoka hubeba salmonela, na watoto chini ya miaka mitano ndio walio hatarini zaidi.

Sheria nazo zitangulie ununuzi. Norway iliruhusu chatu huyu mwaka 2017 tu, ilhali Hawaii hakuna ruhusa ya kufuga nyoka yeyote nyumbani. Afrika Mashariki wanyamapori hawafugwi bila kibali cha mamlaka husika, na kumtoa chatu porini ni kosa.

Kabla ya kumnunua wa pili, piga hesabu ya kizimba cha pili, themostati ya pili, umeme, chumba cha karantini na ada ya daktari, kwa miaka ishirini na zaidi. Hesabu ikikubali, mkaribishe. Isipokubali, mtunze vizuri uliyenaye, kwa kuwa chatu mmoja aliyeko peke yake, mwenye joto na maficho, hajapungukiwa na kitu ambacho mwenzake angemletea.