Kakao ya Kyela na Mlinganyo wa Ioni

Wanafunzi wengi wa sekondari huufahamu mlinganyo wa ioni kama kazi ya kufuta: andika mlinganyo mzima, vunja kila kitu kuwa ioni, futa zinazojirudia pande zote mbili, kilichobaki ndicho jibu. Utaratibu huo hautoshi, na upungufu wake unaonekana vizuri kwenye zao la watu wa kata ya Njisi na wilaya nzima ya Kyela, kakao. Mbegu mbichi zikivundikwa, hamira ya asili hugeuza sukari ya ute wake kuwa pombe, kisha bakteria huigeuza pombe hiyo kuwa asidi ya asetiki, ileile iliyomo kwenye siki. Ndiyo maana kasha la kuvundikia likifunuliwa ili mbegu zigeuzwe, harufu ya uchachu hupanda puani papo hapo.

Sasa changanya asidi hiyo na myeyusho wa haidrojeni kaboneti ya sodiamu. Povu litafumuka. Aliyezoea kufuta tu ataandika H⁺ + HCO₃⁻ → H₂O + CO₂, naye atakuwa amekosea. Mlinganyo huo unaifaa asidi ya hidrokloriki, ambayo ni asidi kali: ikiwa majini, karibu molekuli zake zote zimekwisha vunjika kuwa ioni. Asidi ya asetiki ni dhaifu. Katika myeyusho wenye mole moja kwa lita, ni kama molekuli 4 tu kati ya 1,000 zilizoachia haidrojeni. Nyingine zote bado ni nzima, na nzima ndivyo zinavyopaswa kuandikwa: CH₃COOH + HCO₃⁻ → CH₃COO⁻ + H₂O + CO₂. Ioni ya sodiamu haimo kwa sababu ilikuwa huru tangu mwanzo na imebaki huru. Ioni ya asetati lazima iwemo, kwa kuwa imezaliwa hapo hapo.

Kwa hiyo kazi kubwa hutangulia kufuta, nayo ni kuamua nini kipo majini kama ioni na nini hakipo. Kaboneti ya kalsiamu, ile chokaa inayomwagwa shambani kupunguza tindikali ya udongo, haiyeyuki kirahisi, hivyo nayo haivunjwi: CaCO₃ + 2H⁺ → Ca²⁺ + H₂O + CO₂. Kisha hesabu chaji, si atomi peke yake. Cu + Ag⁺ → Cu²⁺ + Ag inapendeza machoni, atomi zake zinalingana, lakini kushoto pana chaji +1 na kulia +2. Atomi ya shaba hutoa elektroni mbili, na kila ioni ya fedha hupokea moja tu. Basi zinahitajika mbili: Cu + 2Ag⁺ → Cu²⁺ + 2Ag.

Mwalimu anayekimbizana na mtihani anaweza kusema kuwa hayo ni mengi mno ya kukariri. Si mengi. Chumvi za sodiamu, potasiamu na amoniamu huyeyuka, na nitrati zote pia. Kaboneti nyingine nyingi haziyeyuki. Na asidi kali za shuleni ni tatu hasa: hidrokloriki, nitriki na salfuriki. Maarifa hayohayo ndiyo yanayohitajika maabara, mwanafunzi anapopewa chumvi asiyoijua. Akitonesha nitrati ya fedha na mashapo meupe yakatokea, Ag⁺ + Cl⁻ → AgCl inasimama vilevile, kloridi iwe imetoka kwenye chumvi ya sodiamu au ya kalsiamu.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba ioni tunazoziacha nje ni za kweli, na kuziacha ni kuficha nusu ya habari. Hilo lina ukweli wake. Ioni ya fedha haiuzwi peke yake. Huja pamoja na nitrati, na nitrati ina uzito. Anayetaka kujua apime gramu ngapi kwenye mizani aandike mlinganyo mzima. Anayetaka kujua kilichobadilika ndani ya neli aandike wa ioni.