Usaili wa wahandisi wa programu: kwa nini anayejua naye hushindwa

Mei 2019 kampuni ya Microsoft ilitangaza kufungua vituo vya kutengeneza programu barani Afrika, kimoja Nairobi na kingine Lagos. Aprili 2022 Google nayo ikatangaza kituo chake cha kwanza cha aina hiyo Afrika, na ikachagua Nairobi. Kwa kijana wa Chikongola, hapa Manispaa ya Mtwara-Mikindani, aliyemaliza chuo Dodoma au Dar es Salaam na kurudi nyumbani na kompyuta yake mpakato, kazi iliyosikika kama ya California sasa imesogea kwa jirani. Lakini mlango wake ni usaili wa namna ambayo wengi hawajawahi kuufanyia mazoezi, na wapo wanaokwama hapo huku kazi yenyewe wanaiweza.

Safari yenyewe huwa hivi. Wasifu ukipita, afisa ajira hupiga simu fupi kukufahamu. Hufuata jaribio la mtandaoni au mazungumzo ya kiufundi ya dakika 45 hivi. Ukivuka, unapangiwa vipindi vinne au vitano vya usaili, kila kimoja na msaili wake. Kila msaili huandika maoni yake, kisha uamuzi unatolewa kwa kuyatazama yote pamoja. Kampuni hutofautiana, ila sura hii ndiyo ya kawaida.

Maswali ya kiufundi yakoje? Tuchukue mfano wa ghalani. Una orodha ya uzito wa magunia 10,000 ya korosho. Tafuta magunia mawili ambayo jumla yake ni kilo 160 kamili. Njia inayomjia kila mtu kwanza ni kuchukua gunia moja na kulilinganisha na mengine yote, kisha la pili, kisha la tatu. Ni njia sahihi, lakini inaweza kufika jozi 49,995,000. Karani mzoefu angepitia magunia mara moja tu akiwa na daftari mkononi. Akikuta gunia la kilo 78, anaangalia kama daftarini imeshaandikwa 82. Ikiwepo, kazi imekwisha. Isipokuwepo, anaandika 78 na kusonga mbele. Hapo kazi ni hatua 10,000 badala ya karibu milioni 50. Daftari hilo kwenye kompyuta huitwa jedwali la hashi. Halisomwi ukurasa kwa ukurasa: ukiliuliza namba, hujibu karibu papo hapo kama ipo au haipo. Gharama yake ni nafasi ya kumbukumbu, na msaili atataka uitaje gharama hiyo bila kusubiri kuulizwa.

Mengi ya maswali haya ni ndugu wa swali hilo la magunia: orodha, majedwali ya hashi, miti, grafu, kupanga na kutafuta. Gayle Laakmann McDowell, aliyewahi kufanya kazi Google, Microsoft na Apple, alikusanya maswali 189 katika toleo la sita la kitabu chake Cracking the Coding Interview. Huhitaji kuyakariri. Mkariri hukamatwa pale msaili anapobadili sharti moja dogo.

Jambo linalowaangusha wengi ni ukimya. Darasani tumezoea kunyamaza mpaka jibu liwe tayari, na kumuuliza mkubwa maswali mengi kunaweza kuonekana utovu wa adabu. Katika usaili huu ni kinyume. Msaili ametoa swali lenye mapengo makusudi, anataka kuona kama utayaona. Je, uzito unaweza kuwa na nusu kilo? Gunia moja la kilo 80 naruhusiwa kulihesabu mara mbili? Kama hakuna jozi, nirudishe nini? Karani wa chama cha msingi angeyauliza hayo kabla hajagusa mzani. Kisha sema unachofikiri: "Naanza na njia rahisi ingawa ni ya polepole, halafu nitaiboresha." Ukikaa kimya dakika kumi, hata kama kichwani unapiga hatua, msaili hana cha kuandika.

Na kufikiri huku unatazamwa si jambo dogo. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina pamoja na Microsoft walichapisha utafiti wa wanafunzi 48 wa kompyuta. Wote walipewa swali la kutatua ubaoni; nusu mbele ya msaili huku wakijieleza, nusu peke yao chumbani. Matokeo ya waliotazamwa yalishuka kwa zaidi ya nusu. Wanawake wote waliofanya mbele ya msaili walishindwa, na wote waliofanya peke yao walifaulu, ingawa idadi yao ilikuwa ndogo. Unaweza kusema usaili wa aina hii unapima woga kuliko ujuzi, na mimi sipingi. Lakini ndio uliopo.

Kwa hiyo fanya mazoezi ya kutazamwa. Mwite dada yako, rafiki au jirani, hata kama hajui programu, mkalishe mbele yako na umweleze kila hatua. Anza kwa Kiswahili mpaka wazo likae sawa, kisha rudia kwa Kiingereza, kwa sentensi fupi. Lafudhi ya Kimakonde haina tatizo. Wasaili wenyewe wametoka nchi nyingi. Andika kwenye karatasi au ukurasa mtupu usiokukamilishia maneno. Maswali mawili yaliyoelezwa kwa sauti yana faida kuliko kumi yaliyotatuliwa kimya usiku.

Kuna kipindi kingine kinachohusu tabia: ulitofautiana vipi na mwenzako, ulifanyaje kazi ilipochelewa. Amazon imeweka wazi misingi yake 16 ya uongozi, na maswali yake mengi hutoka humo. Hapa adabu yetu inatuponza tena. Tunasema "tulitengeneza", "tulirekebisha", maana kujitaja ni majivuno. Msaili anaajiri mtu mmoja; atauliza wewe ulifanya nini. Sema "niliandika sehemu ya malipo", kisha wataje wenzako na sehemu zao.

Vitendawili vya mipira mingapi ya gofu inaingia kwenye ndege usivihangaikie. Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa rasilimali watu wa Google, alisema mwaka 2013 kwamba vilikuwa kupoteza muda.

Mwaka 2025 mkuu wa Google, Sundar Pichai, alisema kampuni inarudisha angalau kipindi kimoja cha ana kwa ana, kwa kuwa akili bandia imerahisisha udanganyifu mtandaoni. Basi usisubiri kuitwa ndipo uanze kufuatilia pasipoti. Na kampuni hizi haziombi ada ya usaili. Anayekudai hela ni tapeli.

Angalia saa. Nairobi na Mtwara ni saa moja, lakini msaili akiwa California, saa nne asubuhi yake ni saa mbili usiku kwetu, na baada ya wao kubadili saa mapema Novemba inakuwa saa tatu usiku. Chaji betri ijae, na uwe na bando kwenye simu ya mtandao mwingine. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini zilipopata hitilafu, intaneti iliyumba nchi nzima na bando la pili lisingesaidia sana. Kwa hiyo hifadhi namba ya afisa ajira. Kuomba siku nyingine mapema, kwa kawaida, hakukupunguzii alama.

Ukikataliwa, kampuni nyingi hutaka usubiri miezi sita hadi mwaka kabla ya kuomba tena. Usiku uleule andika palipokukwaza kabla hujasahau.