Ukungu au moshi wa kuni? Namna ya kusoma vipimo vya hewa Kilimanjaro

Alfajiri katika vijiji vya Kibosho, Machame na Marangu, ukungu wa mlimani huchanganyika na moshi wa kuni utokao jikoni. Kwa macho vitu hivyo hufanana, lakini kwa afya havifanani hata kidogo. Vifaa vya kupima ubora wa hewa husaidia kuvitofautisha, ingawa navyo huweza kukosea.

Kifaa kidogo cha kupimia huvuta hewa kwa feni na kuipitisha mbele ya mwanga wa leza. Chembe zilizomo hutawanya mwanga huo, na kihisi hukadiria wingi wake. Zinazofuatiliwa zaidi ni chembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, zijulikanazo kama PM2.5, kwa kuwa hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu.

Changamoto ya mlimani ni unyevu. Chembe hufyonza maji na kuvimba, na matone ya ukungu huhesabiwa kama uchafu. Ndiyo maana wataalamu hupima pia unyevu, kisha hulinganisha matokeo na kifaa rejea, ambacho hunasa chembe kwenye chujio ili zipimwe uzito.

Muda nao una uzito wake. Usiku hewa baridi huteremka kutoka mlimani na kutulia mabondeni, hivyo moshi hubaki karibu na ardhi hadi jua linapopanda. Kipimo kimoja cha asubuhi hakitoshi kuihukumu hewa ya Manispaa ya Moshi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 hutumia wastani wa saa 24, usiozidi mikrogramu 15 za PM2.5 kwa mita moja ya ujazo. Nchini, viwango vimewekwa na kanuni za mwaka 2007 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Hata hivyo, kifaa kilichofungwa barabarani hakielezi hewa anayovuta mama aliyeketi kando ya mafiga. Hapo ndipo unapoonekana umuhimu wa Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Kwa familia ambayo bado inatumia kuni, kuni zilizokauka vizuri na jiko lenye njia ya kutolea moshi hupunguza madhara, wala hakuna haja ya kusubiri kifaa kithibitishe kile ambacho macho yanayowasha yamekwisha kukieleza.