Maana ya Idadi Limbikizi

Neno la Kiingereza "cumulative" huelezea kitu kinachoongezeka kidogo kidogo, kipya kikiwekwa juu ya cha zamani. Kwa Kiswahili ni limbikizi. Juni 2019 Ebola ilipovuka mpaka wa Kongo na kuingia Wilaya ya Kasese, idadi limbikizi ya waliothibitishwa ilifika 3, wote wa jamaa moja. Tarehe 29 Agosti ilithibitishwa kwamba msichana wa miaka 9, aliyegunduliwa kwenye ukaguzi wa Mpondwe, ameambukizwa. Idadi ikawa 4. Askari wa zamu ambaye angedhani wagonjwa 4 wamelazwa Bwera angekosea, na kosa la namna hiyo mpakani huzaa hofu bure: aliyekuwamo ni mmoja. Hesabu limbikizi haipungui, mgonjwa apone au afariki.